Mazishi ya Bwana Marr

Sehemu ya Tisa

Hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto, wala nyumba, wala pensheni. Hakuwa na nishani, ingawa watu aliowazidi akili walitembea nazo kifuani mbili mbili. Hakuwa na picha hata moja ya ujana wake, kwa sababu polisi walizichukua zote wasizirudishe. Hakuwa na meno ya juu. Na hadi asubuhi ile ya Jumanne, hakuwa na kaburi.

Sasa alikuwa analitazama.

Wiki iliyopita tulimwacha Eustace Marr, mzee wa miaka sitini na minane, kwenye lango la kanisa la Skelbeck, kofia mkononi, huku jeneza lenye jina lake likiteremshwa ngazi na wanaume sita wenye makoti meusi. Waliokuwa wanalia walikuwa wamekodiwa. Mvua iliyowanyeshea ilitoka kwenye mpira wa zimamoto. Ilikuwa filamu, filamu ilihusu maisha yake, na watengenezaji wake walikuwa wamehakikishiwa kwamba Eustace Marr alikufa Kanada miaka kumi na mmoja iliyopita.

“Kata,” ilisema sauti kutoka juu ya ngazi ya chuma. “Nani huyo kaingia kwenye picha? Mzee, hebu sogea.”

Marr hakusogea. Alisema kwamba hawezi kusogea, kwa kuwa wanayemzika ni yeye.

Kikapita kicheko. Mbeba jeneza mmoja akasema kwamba marehemu kachelewa mazishi yake mwenyewe, na mwingine akamjibu amwonee huruma, pengine basi la kutoka ahera lilimwacha. Marr akalifuata jeneza, akainua kifuniko, akachungulia. Ndani kulikuwa na mifuko miwili ya mchanga. Akasema kwamba alitegemea angalau mitatu.

Hapo mwanamke mmoja akatoka katika safu ya waombolezaji. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia nyeusi imekaa sawa kichwani kama imepigiliwa misumari. Watu wakampisha. Akamfikia Marr, akamtazama usoni kwa muda, kisha akavua glavu ya mkono wa kulia, taratibu, kidole kwa kidole, akamzaba kofi.

“Ni yeye,” aliwaambia wote. “Hata kufa kumemshinda.”

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke huyo alikuwa Hilda Lidgett.

Kwa wewe uliyelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikuachi nyuma. Wakati wa vita, Marr alikuwa mmoja wa watu waliofungiwa katika jumba kubwa mashambani, kazi yao kufumbua ujumbe wa siri wa nyambizi za Wajerumani. Wengine walifumbua kwa miezi. Marr alivumbua njia ya kufumbua kwa siku moja, na meli zilizokuwa zizame zikafika bandarini. Sifa na cheo alivipata mkuu wake. Vita vilipokwisha Marr akarudi Skelbeck, akaishi nyumba moja na Ambrose Lidgett, mpiga kinanda wa kanisa, kama watu wa ndoa wanavyoishi. Sheria ya nchi siku zile ililiita hilo uhalifu. Mwaka 1953 walikamatwa. Ambrose alifungwa miezi kumi na minane, akafa kwa homa ya mapafu katika majira ya baridi ya kwanza gerezani. Marr, badala ya jela, alipewa sindano hospitalini mwaka mzima, za kumfisha matamanio ya mwili, kisha wakamwachia aende zake, mtu asiye na kazi wala jina.

Hilda alikuwa dada yake Ambrose.

*

Mwongozaji wa filamu aliitwa Jerome Vickery. Alikuwa na koti la ngozi na sauti ya mtu asiyezoea kukatizwa, lakini alipoteremka ngazi yake siku ile uso ulikuwa umempauka. Maiti haipeleki mtu mahakamani. Aliye hai hupeleka. Akamshika Marr kiwiko, akamwingiza haraka katika ukumbi uliopo nyuma ya kanisa, akamtuma msaidizi hotelini kumwita mshauri wa filamu, aliyewaambia kwamba Marr amekufa.

Ukumbini walikuwa wamejenga chumba cha polisi cha mbao na rangi: meza, viti viwili, taa, kalenda ya mwaka 1953. Marr alikitazama kile chumba, akasema ukuta ulikuwa wa kijani, si wa kahawia.

“Kesho tunapiga picha hapa,” Vickery alisema. “Ndiyo sehemu yenyewe. Watu wataingia sinema kwa ajili ya dakika nne za chumba hiki.”

Marr akauliza ni dakika za nini.

“Za wewe kumuuza Lidgett.”

Mzee akamwomba arudie. Vickery akarudia, tena bila aibu. Katika filamu, Marr anawekwa kwenye kile kiti, anatishwa, anataja jina la Ambrose, anatia saini, na kwa kumtaja anaponea jela. Ambrose anaonyeshwa ile karatasi, anavunjika moyo, anakiri yote, anakwenda kufa.

“Sikutia saini chochote,” Marr alisema. “Sikumtaja mtu. Iondoe hiyo.”

“Nikiiondoa nimebaki na nini? Mzee anapiga hesabu. Nani atalipa kiingilio kutazama mzee anapiga hesabu?” Vickery akavuta mtoto wa meza. “Na usiniambie ni uongo. Karatasi yenyewe ipo, mshauri wetu anayo. Bi Hilda aliiona kwa macho yake mwaka ule ule, na Ambrose kabla yake. Hii ni nakala ya ile halisi, hata doa la wino tumelitia pale pale.”

Akaiweka mezani.

Miaka ishirini na minne Marr alidhani Hilda anamchukia kwa sababu moja tu, kwamba yeye alibaki hai na Ambrose akafa. Hiyo aliiona ni haki yake, akaibeba. Hakuwahi kujua kwamba kuna karatasi. Haikupelekwa mahakamani. Ilitumika mara mbili tu, kumvunja kaka na kumtia sumu dada, kisha ikatoweka.

Sasa akaisoma. Ilikuwa imepigwa chapa. Mimi, Eustace Marr, nakiri kwa hiari yangu kwamba Ambrose Lidgett ndiye aliyenishawishi, na kadhalika, na kadhalika. Chini hapakuwa na saini, ila herufi mbili za jina, E.M., ambazo mtu yeyote aliyekwenda shule angeweza kuziandika. Na juu kabisa: Skelbeck, tarehe 11 Juni 1953, saa nane na dakika ishirini mchana.

Macho ya Marr yakaganda pale juu.

Akatoa pochi yake mfukoni. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa hata kikawa laini kama kitambaa. Ilikuwa stakabadhi aliyopewa na polisi siku aliyokamatwa, kwa ajili ya vitu walivyomvua: mkanda mmoja, kamba za viatu jozi moja, kitana kimoja, saa ya mkononi moja. Ile saa hawakumrudishia kamwe, ndiyo maana karatasi aliitunza, ili siku moja akaidai. Akainyoosha kando ya karatasi ya kukiri. Polisi waliandika: amepokelewa kituoni saa tisa kasoro dakika kumi.

“Umeona?” Marr alisema. “Nilikiri nusu saa kabla sijakamatwa. Wakati huo nilikuwa mezani na Ambrose, nakula mkate na maharage.”

Vickery alizisoma zote mbili, akasugua kidevu, kisha akacheka kwa pua. Alisema hilo ni kosa la mpiga chapa. Makarani hukosea saa kila siku. Mzee kama hana jingine, mlango ule pale.

Marr akafumbua kinywa. Kisha akakifumba.

Nakueleza wewe, msomaji, jambo alilolijua, kwa kuwa yeye hakuweza kulisema.

Ujumbe wa nyambizi ulikuwa unadakwa kutoka bahari zote za dunia, kwa hiyo katika lile jumba palitumika saa moja tu kwa kila kitu, saa ya Greenwich. Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja kila kiangazi, Juni ikiwamo. Jumba halikusogeza. Saa za ukutani humo zilikaa nyuma ya saa za mji, na wageni wa kazi walikuwa wanakosa basi na kutembea maili nne kwa miguu huku wenzao wakiwacheka. Waliokaa sana walizoea hata wakaacha kutambua. Waliandika saa za jumba kwenye barua za nyumbani. Walifika kwa daktari wa meno akiwa anafunga mlango. Vita vilikwisha, jumba likaendelea na kazi zake, na waliobaki humo waliendelea na saa zao.

Basi ongeza saa moja kwenye karatasi ya kukiri. Unapata saa tisa na dakika ishirini, Marr yuko ndani ya selo nusu saa nzima, na mtu yuko chumba cha pili anapiga chapa. Polisi wa Skelbeck asingeweza kukosea namna hiyo. Karani asingeweza. Lilikuwa kosa la watu wa jumba, na mtu mmoja tu wa jumba aliingia kituoni siku ile, akisema ametoka Londoni kulinda maslahi ya serikali.

Lakini mwaka 1941 Marr aliapa na kutia saini kwamba hatatamka lolote juu ya kazi ya lile jumba, wala desturi zake, wala kitu chochote kilichomo, mpaka anaingia kaburini. Wote waliapa. Wake hawakuwaambia waume zao. Kuna waliokufa na mama zao wakiamini walikuwa makarani wa ghala. Vitabu vimeanza kutoka, ni kweli, lakini kwa ruhusa, na Marr hakupewa ruhusa.

Miaka thelathini na sita hajasema neno. Hata kizimbani, ambako maneno matano juu ya kazi yake ya vita yangemwokoa, hakusema.

Mlango ukafunguliwa, mshauri wa filamu akaingia.

*

“Marr,” alisema Sir Roland Pask. “Umenenepa.”

Sir Roland ndiye aliyekuwa mkuu wake jumbani. Ile njia ya kufumbua ujumbe kwa siku moja, katika vitabu inaitwa Njia ya Pask. Alikuwa mrefu, amenyooka, koti lake limekatwa na fundi anayejua kazi, na alimtazama Marr kama mtu anavyotazama nguo iliyorudi kwa dobi ikiwa bado na doa.

Vickery akamvaa. Akamuuliza ilikuwaje akamwambia huyu mtu amekufa. Sir Roland alijibu kwamba ndivyo alivyoambiwa, na kwamba mtu mwenye adabu zake asingefufuka katikati ya kazi za watu.

Marr alikuwa anawaza haraka. Kueleza hakuweza. Lakini kuuliza swali dogo hakukatazwa, na nje kilikuwa kiangazi. Kama Pask alikuwa bado ni Pask yule yule, aliyejivunia kuishi kwa saa za jumba hata siku za mapumziko, swali hilo lingetosha, tena mbele ya shahidi.

“Roland,” alisema, “saa ngapi sasa?”

Sir Roland akakunja mkono wa koti. Saa yake ilikuwa ya dhahabu. Aliitazama, akatazama zile karatasi mbili zilizolala mezani, akamtazama Marr.

“Saa sita na robo,” alisema.

Saa ya ukumbini ilikuwa saa sita na robo.

Vickery alisema kama mzee ana miadi mahali pengine wasimcheleweshe, akacheka mwenyewe. Sir Roland naye akatabasamu, akamwomba Vickery awaachie dakika mbili, wao ni watu waliofanya kazi pamoja.

Mlango ulipofungwa, tabasamu likaondoka.

“Umenichukulia mimi mjinga?” alisema. “Tangu nistaafu nafuata saa ya wauza nyama kama kila mtu.”

“Kumbe umejua nilichokuwa natafuta.”

Sir Roland aliutazama mlango. Alikuwa ameteleza, na wote wawili walikusikia kuteleza kwenyewe. Lakini hapakuwa na mtu wa tatu.

“Najua ulichotia saini,” alisema hatimaye. “Mimi ndiye niliyekaa mbele yako ukisaini. Jina langu liko chini ya lako, shahidi. Mwambie yeyote habari za saa za lile jumba, Marr, yeyote, hata paka, na nitaona unakwenda ndani miaka miwili. Na safari hii hakuna daktari wa kukupa sindano badala yake.”

“Kwa nini Ambrose?” Marr aliuliza. “Mimi ndiye niliyekuwa kikwazo chako, niliyejua njia ile si yako. Yeye alikuwa anapiga kinanda.”

“Kwa sababu wewe usingekiri,” Sir Roland alisema, akirekebisha mkono wa koti. “Nakujua. Ilibidi mmoja wenu akiri.”

Akaufungua mlango na kumwita Vickery.

Vickery alikuwa amekwisha kupata dawa yake. Atabadilisha jina la mhusika mkuu, mwisho wa shida. Katika filamu hatakuwapo Eustace Marr, atakuwapo mtu mwingine wa kubuni, na Marr hataweza kushtaki kwa jambo lililomtokea mtu asiyekuwapo. Marr akauliza juu ya jina la Ambrose.

“Linabaki. Dada yake alikwisha kusaini.”

“Kwa hiyo Ambrose atauzwa vilevile, ila na mtu nisiyemjua.”

“Ndiyo sinema, mzee,” alisema Vickery, akamwonyesha mlango wa nyuma.

Nje wabeba jeneza walikuwa wanakula mikate yao wameketi juu ya lile jeneza. Mmoja akamuuliza marehemu kama atarudi kesho au ameacha kazi. Marr aliwapita bila kuwaona.

*

Mtaa wa Tanneri una nyumba arobaini zilizobanana, na kila nyumba ina kizingiti cha jiwe, na kila mwanamke wa mtaa ule hupimwa kwa weupe wa kizingiti chake. Hilda Lidgett alikuwa amepiga magoti mlangoni, bado kavaa nguo ya mazishi, gunia chini ya magoti, anasugua jiwe kwa nguvu kama lina kosa. Kulipita kivuli. Hakuinua kichwa.

“Usikanyage. Pana maji.”

Marr akabaki barabarani. Akaomba aingie ndani waongee kidogo tu. Hilda alimwambia kwamba mtu aliyemuuza kaka yake atapita juu ya jiwe lile siku atakayolisugua kwa ulimi. Kama ana la kusema aliseme pale pale, wasikie wote, yeye Hilda na majirani, maana kwa miaka ishirini na minne majirani wamesikia kila kitu kingine.

Na kweli walikuwa wanasikiliza. Pazia la namba kumi na tisa lilisogea. Mwanamke wa namba ishirini na tatu alitoka na ndoo isiyo na kitu. Wawili upande wa pili wakakumbuka ghafla kwamba vizingiti vyao navyo havijasuguliwa.

Marr alihesabu masikio. Yalikuwa si chini ya kumi.

Kisha akasema. Alisimama katikati ya Mtaa wa Tanneri, kofia mkononi, mchana kweupe, akavunja kiapo chake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Aliwaambia juu ya jumba. Aliwaambia juu ya saa za ukutani na basi la mjini na maili nne za miguu. Aliwasomea stakabadhi ya polisi, kisha akawatajia saa ya karatasi ya kukiri, akaongeza ile saa moja, akamwambia Hilda nani aliyeipiga chapa na wapi.

Hilda hakuacha kusugua.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Umekuja na hesabu,” alisema. “Kaka yangu yuko chini ya nambari katika ua wa jela, hata jina hawakuandika, na wewe umekuja na hesabu. Saa moja mbele, saa moja nyuma. Sir Roland ndiye mtu pekee aliyeingia nyumba hii mwaka ule bila kutema mate mlangoni. Alikaa kiti cha baba. Alinishika mkono. Wewe ulikuwa wapi?”

“Selo.”

“Alikuwa muungwana,” Hilda aliendelea, na sasa alikuwa anaiambia brashi. “Aliniletea salamu mapema kwamba kesho yake atapita saa kumi. Nikaoka keki ya tangawizi. Saa kumi ikafika, hayupo. Nikachemsha chai, ikapoa, nikamwaga, nikachemsha nyingine. Alikuja saa kumi na moja. Nikamwambia hakuna neno, Sir, najua mna kazi nyingi. Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye wazimu, akasema, mama, mimi sijawahi kuchelewa maishani, akanionyesha saa yake…”

Brashi ikasimama.

Mwanamke wa namba ishirini na tatu aliiweka ndoo chini.

“Akanionyesha saa yake,” Hilda alirudia, “na ilikuwa saa kumi kamili. Nikajua ni saa ya baba iliyoharibika. Nikaipeleka kwa fundi. Fundi akasema nzima.”

Alikaa pale magotini muda mrefu, maji ya kijivu yakimtiririka hadi viwikoni. Marr hakumsaidia kuinuka. Alijua asingekubali. Alipoinuka mwenyewe, hakumtazama.

“Futa viatu,” alisema.

*

Ndani, Marr alisema kwamba ataandika gazetini. Hilda akamwambia asiwe mjinga. Ukurasa ambao barua yake itachapwa, ukurasa wa pili kutakuwa na tangazo la filamu, na Sir Roland atasema mzee kachanganyikiwa kwa sindano, na watu watamwamini nani, yule mwenye Sir au yule mwenye kesi?

Alimwekea chai mbele yake bila sukari na bila kumuuliza.

Marr akaanza kuwaza, na ningependa umwone akiwa hivyo, maana ndivyo alivyokuwa katika ile miaka ya vita: mikono mezani, macho hayaoni kitu, anatafuta uzi mmoja wa kuvuta. Kesho saa tatu asubuhi Vickery atapiga picha za kile chumba. Karatasi halisi iko kwa Pask, na Pask haongei ila akitaka. Ni mahali gani duniani Roland Pask atalazimika kujibu asipotaka?

Chai ilipoa. Kisha Marr akaomba karatasi.

Hakuandika gazetini. Alimwandikia Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Serikali, Londoni. Alisema kwamba yeye, Eustace Marr, leo mchana, katika Mtaa wa Tanneri mjini Skelbeck, mbele ya watu wasiopungua watano, amevunja kwa makusudi kiapo cha siri alichokula mwaka 1941. Alieleza neno kwa neno alichokisema. Alitaja majina ya waliosikia, Hilda akimsaidia kwa namba za nyumba. Alisema hana utetezi wala haombi huruma, na kwamba yuko tayari kukamatwa. Mwisho aliandika kwamba, ili kuthibitisha kiapo chenyewe, mahakama haitakuwa na budi kumwita shahidi aliyetia saini chini yake, Sir Roland Pask, na kwamba mshtakiwa, akitumia haki yake, atamhoji shahidi huyo mwenyewe. Na nakala ya barua hii, aliongeza, imwendee Bwana Vickery, ili ajue kwamba karatasi anayotaka kuipiga picha kesho itahitajika kizimbani kama kielelezo, na atakayeichezea kabla ya hapo atajibu kwa hakimu.

Hilda aliisoma mara mbili, akifuata mistari kwa kidole.

“Watakufunga.”

“Ndiyo.”

“Miaka miwili, kwa umri huo. Utafia huko kama yeye.”

Marr alisema inawezekana.

“Sijakusamehe,” Hilda alisema. “Usije ukadhani chai ni msamaha. Ulimleta yule mtu katika maisha yetu. Bila wewe, Roland Pask asingejua kama Skelbeck iko kwenye ramani.”

“Ni kweli.”

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Mtu wa posta hufungua sanduku la pembeni mwa mtaa saa kumi na moja na nusu, hangoji mtu. Nakala ya Vickery jirani wa namba kumi na tisa alikwisha kuipeleka ukumbini kwa mguu, tena akikimbia, kwa kuwa alitaka awe wa kwanza kuona uso wake. Marr akakunja barua ya Londoni, akanyoosha mkono achukue bahasha.

Hilda aliivuta upande wake. Alichukua karatasi nyingine, akageuza kiti akampa mgongo, akaandika. Aliandika mistari michache tu, lakini aliiandika kwa kukandamiza, kalamu inalia juu ya meza. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya bahasha pamoja na ile ya kwanza.

“Umeandika nini?” Marr aliuliza.

“Ambacho sikukiandika mwaka 1953.”

“Hilda. Kinanihusu mimi au Pask?”

Hilda alilamba gundi ya bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaibana kwa ngumi, akabandika stempu. Alivaa kofia yake nyeusi, ile ya mazishi, akalivuka jiwe jeupe la mlangoni akiwa wa kwanza, na Marr nyuma yake. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye milango yao kama watu wanaopitiwa na maiti. Mtu wa posta alikuwa amekwisha kufungua sanduku, gunia lake liko wazi chini.

Marr alinyoosha mkono mara nyingine, akamwomba, kwa sauti ndogo ambayo mtaa wote uliisikia, aone tu mstari wa kwanza.

Hilda Lidgett aliitupa barua katikati ya gunia, na mtu wa posta akalifunga.